Bakuli la Samaki Wawili na Maisha ya Pradip Kanji

Ndugu waombolezaji, majirani wa Ilford na wa Lewisham, wenzake wa gereji ya mabasi, na nyinyi vijana ambao Kiswahili mnakielewa lakini mkiulizwa mnajibu Kiingereza, tunawaomba utulivu kidogo kabla mwili haujaondoka hapa, haya ni maisha ya ndugu yetu Pradip Kanji, yanasomwa na Zainab binti Abdulwakil, dada yake wa ziwa, na humu Zainab atatajwa kwa jina kama watu wengine, kwa sababu Gurmit, mtoto wa marehemu, ndiye aliyeipiga chapa karatasi, na amesema historia ya msiba haisomwi kwa mimi, mimi, mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1939, mjini Faza, kisiwa cha Pate, upande wa Lamu, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba yake, mzee Kanji, lililouza sukari guru, mafuta ya taa, kaniki na vyombo, na wiki ile ile mama yake akashikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka, mtoto akawa analia mtaa mzima haulali, na nyumba ya pili alikuwako muuza mikate ya mofa, jina lake Kijakazi binti Msabaha, ambaye alikuwa amejifungua binti miezi mitatu nyuma, akaingia bila kuitwa, akampakata yule mtoto wa Kihindi akampa ziwa la kushoto, na binti yake, Zainab, akabaki na la kulia. Kwa desturi ya kwetu watu walionyonya ziwa moja ni ndugu, hata kuoana hawawezi, na waliosema uchochoroni kwamba sasa dunia imekwisha, Muhindi ananyonya kwa Kijakazi, walisema wakachoka, na wengi wao wameshatangulia, kwa hiyo leo hatuwataji, ingawa majina tunayo.

Kijakazi alifariki tarehe 2 Machi 1951. Hapa inabidi mwelezwe jambo moja, kwamba makaburi ya kale ya kisiwa kile, ya watu wakubwa, yalitiwa mabakuli ya Kichina kwenye ukuta wa kichwani, maana Wachina walifika kule zamani, au vyombo vyao ndivyo vilivyofika, wazee hawajakubaliana mpaka kesho, na mtu wa kawaida hatiwi bakuli, anatiwa mchanga basi. Sasa mama yake Pradip, baada ya arubaini, aliteremsha bakuli moja kutoka rafu ya dukani, jeupe lenye samaki wawili wa buluu, akamwita fundi wa chokaa, akajenga ukuta mfupi kichwani kwa Kijakazi na bakuli likapachikwa katikati, na mji ulisema maneno, Kijakazi huyu wa mofa amekuwa sultani tangu lini, na mama yule akajibu kutoka mlangoni kwake kwamba aliyemlelea mwanawe ni sultani wake. Bakuli lenyewe lilikuwa na pengo ukingoni, juu ya mkia wa samaki mmoja, alilitoboa Pradip kwa manati alipokuwa na miaka minane, na wala halikuwa la Uchina, lilitoka Japani, Zainab aliliona kasha lake kwa macho yake mawili.

Kwa upande wa elimu, marehemu alisoma shule ya Wahindi mjini Lamu kuanzia mwaka 1946, kisha Mombasa kuanzia mwaka 1954 hadi 1957, ambako alipata cheti daraja la pili, na kama asingekuwa mtoro wa sinema angepata la kwanza. Mwaka 1958 aliajiriwa na reli, idara ya vifurushi, stesheni ya Nairobi, na huko ndiko alikomwona Jaswant, binti wa fundi wa injini, alipokuja kuchukua kifurushi cha baba yake, akaambiwa hakijafika, akarudi kesho, akaambiwa hakijafika, na kifurushi kilikuwa chini ya meza siku zote tisa. Yeye Mhindu, binti Kalasinga, pande zote mbili zikanuna, wakafunga ndoa kwa DC tarehe 6 Novemba 1965, mbele ya watu watano, mmoja wao dereva wa teksi aliyewaleta.

Mwaka 1967 yalikuja mambo ya uraia na vibali, marehemu hakuwa na karatasi ya Kenya, alikuwa na pasipoti ya Mwingereza, na kazini akaambiwa nafasi yake itachukuliwa na mwananchi, na yeye akawa anajiuliza aliyezaliwa Faza ni nani basi. Walifika London Jumamosi tarehe 24 Februari 1968, siku chache kabla mlango haujafungwa kwa sheria, wana masanduku mawili na blanketi la ndege ambalo Jaswant anasema walipewa, wakapata chumba kimoja Ilford, na hakuandika barua Faza, si mwezi ule, si mwaka ule, wala miaka iliyofuata, akiulizwa anasema ataandika akishatulia. Alifanya kazi ya kondakta wa basi, baadaye dereva, miaka thelathini na mitano, hakugonga mtu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gurmit, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1970, na Nirmala, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1974, na wajukuu watatu.

Zainab naye alifika London mwaka 1974 na mumewe baharia, wakakaa Lewisham, na siku moja ya mwaka 1979 alikuwa sokoni Lewisham akichagua bamia, akasikia mwanamume amekanyagwa mguu na kigari cha mtoto, na tusi lililomtoka lilikuwa la Faza tupu, tena la wapagazi, halisomeki hapa, akageuka akaona Muhindi mwenye sare ya basi, akamwambia, wewe mwizi wa sukari guru, jina lake la utotoni, na yule mtu akaweka mfuko chini akakaa juu yake. Tangu siku hiyo kila Jumapili marehemu alikwenda Lewisham kula mkate wa mofa, Jaswant akiwa naye, na walichozungumza ni kisiwa tu, nani alimwoa nani na nani alimwacha nani.

Mwaka 2007, alipokwisha kustaafu, marehemu na mkewe walikata tiketi za safari ya matembezi, Lamu na Pate, siku kumi, na Zainab kwa sababu ya magoti hakuweza, akamwomba jambo moja tu, nenda kamwangalie mama, palilia, mpe salamu zangu, uniletee picha ya kaburi. Marehemu alirudi akasema kaburi lipo, ni safi, linatunzwa kuliko hata makaburi ya hapa, ila picha hakuna, kamera iliingia maji. Zainab alishukuru, akamkaangia samaki.

Miaka kumi na moja ikapita.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika Machi 2018, moyo, kisha figo, na tarehe 12 Oktoba alilazwa hospitali ya Lewisham, na siku ya Ijumaa tarehe 2 Novemba alimwambia Jaswant akanywe chai, akabaki na Zainab, akamweleza safari ile upya, na Jaswant ameruhusu isomwe. Ilikuwa hivi. Walipoteremka gatini Lamu, aliwapokea mtembezaji wa watalii, kijana mmoja, Talib, mstaarabu, ana kofia na kitambulisho shingoni, akamwambia Pradip, "Jambo bwana, hakuna matata," kile Kiswahili cha kuwapa wageni, na Pradip, aliyetoka tumboni akasikia Kiswahili kabla ya Kigujarati, alichomwa moyo, akasusa, akamjibu kwa Kiingereza kwamba wao ni watu wa London na ni mara yao ya kwanza. Alidhani atasusa mpaka chakula cha mchana. Lakini kwenye boti Talib na nahodha wakaanza kuzungumza mbele yake kama mtu anavyozungumza mbele ya mbuzi, nahodha akasema, "Babu huyu uso wake kama wale Wahindi wa duka la zamani la Faza," na Talib akasema, "Nyanya alikuwa akituhadithia, mtoto wao alikuwa mwizi wa sukari guru, hata kuaga hakuaga," na wakacheka, na marehemu akatazama mikoko, ataanzaje sasa kusema ndimi huyo, ataulizwa barua zako ziko wapi, mzee.

Siku ya kwanza wakaonyeshwa ngome ya Siyu, siku ya pili magofu ya Shanga na vigae vya Kichina mchangani, watalii wengine sita wakiwa pamoja nao, Wajerumani na mama mmoja wa Kanada, na siku ya tatu Talib akasema sasa tunakwenda Faza kuona kaburi la Mchina. Wakapita palipokuwa duka, pana antena ya simu, wakatoka nje ya mji, na pale pamejengwa uzio wa fito, pamefagiwa, kuna benchi, na katikati ukuta mfupi wa chokaa wenye bakuli jeupe la samaki wawili, na pengo juu ya mkia. Talib akaeleza vizuri, kwa sauti ya upole, kwamba hapa amelala binti wa nahodha wa Kichina aliyevunjikiwa na chombo chake miaka mia sita iliyopita, akaolewa hapa, na wenyeji wakampenda, na bakuli hili ni la ufalme wa kwao, na mama wa Kanada akavua kofia. Kisha akamgeukia mwendesha pikipiki mmoja aliyesimama pale akasema kwa Kiswahili, "Leo wameingia mtegoni wote, tazama yule Muhindi, anataka kulia."

Marehemu alijua la kufanya. Alikuwa na neno moja tu la kusema, jina la mama yake wa ziwa, kwa lugha ya pale, na uwongo wake na wa Talib ungeanguka pamoja, na hakulisema. Jaswant alimwona akiinama kama anafunga kamba ya kiatu, viatu vyake havikuwa na kamba, akasema chini chini, shikamoo mama, akasimama, akapiga picha na wenzake, Mjerumani mmoja kamshika bega. Kamera haikuingia maji.

Alipomaliza kumweleza Zainab pale kitandani alimwomba radhi, akasema, "Dada, nilimwacha mama akaitwa Mchina." Na Zainab alichukua mkoba wake, akaondoka.

Hili nalo lisomwe, kwa sababu historia ya mtu isiposomwa yote ni bora isisomwe. Zainab hakukasirika. Alipofika kwenye basi alianza kucheka, abiria wakamtazama, alikuwa akimwona mama yake, mwanamke aliyekuwa na kanga mbili na tanuri moja, ana uzio, ana benchi, watalii wanamvulia kofia, na waliosema amekuwa sultani lini wamelala jirani hapo hapo hawana hata jiwe. Aliondoka bila kujibu kwa ukorofi tu, alitaka ndugu yake akae roho juu siku mbili tatu, kama alivyomfungia chooni mwaka 1947, kisha aende amwambie, mjinga wewe, ungeniambia zamani tungecheka pamoja. Jumapili kulikuwa na mvua. Wiki ile alikuwa na miadi ya macho, kisha mgeni. Jumapili tarehe 11 Novemba 2018 alichoma mikate ya mofa minne, akaifunga kwa karatasi ya fedha, akafika wodini saa tatu na nusu asubuhi, na kitanda kilikuwa kimetandikwa. Marehemu alifariki saa kumi na moja alfajiri siku hiyo, Jaswant akiwa amemshika mkono. Siku zile tisa, Jaswant anasema, kila mlango ulipofunguliwa alikuwa akigeuza kichwa.

Tangu hapo Zainab hajalia, amekaa tu, anapika, anaosha, anajibu simu, mikate ile minne bado ipo jikoni imekuwa migumu kama vigae, na watu wanampa pole naye anasema asante, kama anayejibu kwa ajili ya mtu mwingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, hasa yule sista aliyemchania nywele kila asubuhi kwa sababu alikuwa mtu wa kujipenda, inawashukuru majirani wa Ilford waliokaa na Jaswant, wanawake wa Lewisham waliopika, wenzake wa gereji waliokuja na sare zao, na Talib, huko aliko, ambaye hajui kitu, kwa kufagia. Gurmit alitaka kumwandikia amsahihishe, Zainab amemkataza, aendelee na Mchina wake, ana watoto wa kusomesha, lakini majivu ya marehemu yatakapopelekwa Faza mwezi wa Aprili, Zainab atakwenda pia, kwa magoti haya haya, atakaa juu ya benchi lile kama mtalii, na Talib akimaliza kueleza, ataambiwa peke yake sikioni, ili ajue anamfagilia nani.

Na kwa kuwa kwa desturi radhi ya maiti hutolewa mbele ya watu, Gurmit mwanangu nisamehe, hapa nitasema mimi. Nyinyi nyote ni mashahidi kwamba mama yetu aliitwa Kijakazi binti Msabaha, muuza mofa, hakuwa Mchina, na bakuli lake ni la Japani, na kwamba Pradip Kanji, mwanawe wa ziwa la kushoto, nimemsamehe tangu kwenye basi namba 54, kabla hata halijafika Catford, na nimechelewa kumwambia.

Pumzika, ndugu yangu, kwa amani. Usigeuze tena kichwa, nimefika.