Bega la Orest

Saa nne asubuhi ni saa ya benchi katika duka la ushirika la Kalyna, huku kwenye nyanda za Saskatchewan, Kanada. Wakulima huja na vikombe vyao, hurusha dadu kuamua nani atawamiminia wenzake kahawa, kisha hubishana mpaka wake zao wapige simu. Siku hiyo dadu hazikurushwa. Orest Hnatiuk alikuwa ameweka simu yake mezani, akiitazama. Wiki mbili nyuma, daktari wa mjini Saskatoon alikuwa amemtoa uvimbe begani, na sasa angepiga kusema kama kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, bila chembe ya ugonjwa. Zikiwa safi, kazi imekwisha. Zisipokuwa safi, Orest angerudi kwenye kisu, na safari hii pengine mkono wenyewe ungeondoka.

— Mimi nilisema ni funza, alianza Verlin, ambaye wenzake humwita Redio kwa sababu hazimiki. Nzi anataga miguuni mwa ng'ombe, funza anapanda mpaka mgongoni chini ya ngozi. Unabana hivi, anatoka. Nimewakamua wangapi mimi?

— Orest ana miguu miwili, Redio, alisema Gus Trekta.

— Nzi hahesabu miguu.

Orest alicheka kidogo, bega likamuuma. Kusema kweli, siku walipokuwa wakipiga ndama chapa alikuwa ameshavua shati, na Redio ameshafungua kisu ili amtoe huyo funza. Aliyewazuia ni Bi Thiessen, daktari wa mifugo. Aliupapasa ule uvimbe, mkubwa kama yai la bata, mgumu, hausogei ukisukumwa, akamwambia Redio afunge kisu.

"Ungekuwa ndama ningejua la kufanya," alimwambia Orest. "Nenda kwa daktari wa watu. Na asiukate mtu kabla haujapimwa."

— Funza gani, bwana, alisema Gus. Ni magunia. Miaka arobaini unabebea mbegu bega lile lile, nyama inajikusanya, inajitengenezea mto.

— Basi wewe uliyekaa kwenye trekta miaka hamsini, mto wako uko wapi?

— Nimeukalia.

— Mnajua ni nini? alisema Redio. Ule mnara wa simu. Umesimamishwa masika, uvimbe ukatoka kiangazi.

— Mbona kunguru hawajavimba? Wanalala juu yake.

— Umewapapasa?

— Ni sakoma, alisema Orest taratibu. Kansa ya nyama laini. Ni adimu, hata daktari wetu wa hapa alikuwa hajawahi kuiona. Walinichoma sindano nene, wakatoa kipande, wakakitazama kwa hadubini ndipo wakaijua. Nikapigwa mionzi wiki tano. Halafu wakaukata uvimbe pamoja na nyama nzima iliyouzunguka, wakaziba kwa ngozi ya paja.

— Kwa hiyo una paja begani, alisema Redio.

— Na imeletwa na nini? aliuliza Gus.

— Wanasema hawajui.

— Unaona sasa? Sisi tunajua, na wao ndio wanaoitwa madaktari.

Simu ikatetemeka. Gus alivua kofia. Orest aliipokea, akasikiliza.

— Pande zote? Samahani, hebu rudia, wazee hawa nao wasikie.

Akabonyeza spika, na sauti ya daktari ikajaa dukani:

— Kingo zote ni safi, Bwana Hnatiuk. Tutakupiga picha kila baada ya miezi mitatu, lakini leo furahi.

Gus alimkumbatia Orest upande wa bega zima, akasahau kumwachia. Redio alitoka mbio mpaka kwenye pikapu yake, akapiga honi mfululizo. Dereva wa lori la nafaka barabarani, asiyejua lolote, akamjibu kwa honi ndefu kuliko yake.

Redio aliporudi, Maribel alikuwa amesimama mbele ya benchi. Alikuwa na wiki moja tu tangu aanze kazi pale kaunta.

— Hongera sana, mzee Orest, alisema. Akawageukia wengine. Na nyinyi, nani mwingine ana uvimbe ambao hajamwonyesha mtu?

Redio aliangalia viatu vyake.

— Nyuma ya goti, alisema. Tangu mavuno ya mwaka juzi. Nimeukamua sana. Hautoki.

— Unakua? aliuliza Orest.

— Unakua.

Orest alinyanyuka, akamnyang'anya Redio funguo za pikapu kwa mkono wake mzima, akamrushia Gus.

— Gus ataendesha, alisema. Njia naijua mimi.