Mkalimani wa Taher

Baraza ya Kibokoni imekaliwa mpaka ikang'aa. Baada ya alasiri, Muhdhar muuza kahawa huweka dele lake pembeni juu ya seredani ya makaa, akagonga vikombe, na watu wasiokubaliana hata leo ni siku gani wakaanza kazi yao ya kubishana. Jamaldin anaitwa Redio, kwa sababu kila mchana husimama nje ya hoteli yenye redio akasikiliza habari, kisha akaja kuzimwaga barazani akiwa ameshazitia chumvi yake. Ishak fundi cherehani anaitwa Hakimu, maana hakuna kesi isiyomhusu. Na Abdulghafur mshona kofia anaitwa Mdachi, yaani Mjarumani, na jina hilo ndilo lililomtia mashakani jioni hii tunayoisema, mwaka wa nne tangu vita vya Hitla kwisha.

Jina alilipataje? Alizaliwa Tanga, na Tanga wakati huo ilikuwa ya Wadachi. Akatiwa skuli yao, na kabla hajazoea kukalia benchi vita vya kwanza vikazuka, mwalimu akaenda zake, skuli ikafungwa. Alichotoka nacho ni kuhesabu mpaka nne na tusi moja, na hilo tusi maana yake haijui mpaka leo. Alipohamia Mombasa akasema siku moja, kwa mzaha tu, kwamba yeye amesoma kwa Wadachi. Watu wakamwita Mdachi. Basi jina likamkaa, likampa na nafasi nzuri ya baraza, pale penye ukuta wa kuegemea. Wakati wa vita kila habari ilipokuja aliulizwa yeye: "Mdachi, hawa watu wako wataka nini?" Naye akajibu, tena kwa madaha. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia aseme hata neno moja la Kidachi.

Sasa jioni hiyo akaja Taher muuza taa, anahema, hata kukaa hakukaa.

— Mdachi, jitayarishe! Krismasi twaenda Jarumani.

Sindano ikamchoma Mdachi kidole.

— Twaenda nani?

— Mimi na wewe. Bwana Haraka yu hai!

Huyo Bwana Haraka alikuwa Mjarumani wa Tanga, kabla ya vita. Kila mwaka alikuja Mombasa kumuuzia Taher taa za karabai, na jina alilipata kwa sababu kahawa aliinywa wima. Vita vilipozuka serikali ikamshika, ikamrudisha kwao. Tangu hapo karabai za mji zimetiwa viraka mpaka basi, na mabibi harusi wanapelekwa kwa waume zao nusu gizani. Sasa binamu yake Taher aliyeko Tanga amepata habari kwamba mtu yule amefungua karakana huko kwao Jarumani na anatengeneza taa.

— Nataka taa, alisema Taher, na wewe utakuwa mkalimani wangu. Nauli juu yangu, kula juu yangu.

Mdachi aliogopa, tena aliogopa haswa. Hakuogopa bahari wala Wazungu. Aliogopa ile saa ambayo Taher atamsimamisha mbele ya Mjarumani amwambie "haya, sema", kisha arudi Kibokoni kuwahadithia hawa. Jina lingekwenda, na nafasi ya ukutani ingekwenda nalo. Ikabidi atafute sababu, na aitafute upesi.

— Taherbhai, baridi ya kule itaniua. Kifua changu hiki wakijua.

— Baridi gani, yakhe? alisema Redio. Krismasi ni mwezi gani?

— Disemba.

— Na Disemba kuna nini?

— Kaskazi, akadakia Hakimu.

— Na kaskazi ikivuma?

— Joto! Mtu halali ndani.

— Ehee! Redio akajipiga paja. Sasa huyu ataka kutwambia kuna Disemba mbili, ya hapa na ya kule?

— Lakini nasikia kule huanguka barafu, alisema Mdachi, kwa sauti ndogo.

— Huanguka kwa lile joto! Barafu ikipigwa na jua si huachia?

Muhdhar, aliyekuwa akimimina, akasimamisha mkono.

— Mimi kuna baharia aliniambia, wale watu siku ya Krismasi huingiza mti ndani ya nyumba.

— Mti mzima?

— Na matawi yake. Wausimamisha sebuleni.

— Lahaula! Wa nini?

Watu wakamgeukia Hakimu. Hakimu akanywa kahawa yake kwanza, akafuta masharubu.

— Kivuli, alisema. Jua limezidi hata mti wenyewe wahurumiwa, waingizwa ndani. Kesi imekwisha. Mdachi, chukua kanzu mbili nyepesi.

Mdachi akaona mlango wa baridi umefungwa, akajaribu mwingine.

— Na kula? Wale watu hula nguruwe asubuhi, nguruwe jioni.

— Mke wangu Gulshan ashaanza kutia achari, alisema Taher. Na mikate twachukua kapu zima.

— Bimdogo je? Mke wangu hawezi kuniruhusu safari kama hii.

— Bimdogo ashajua tangu asubuhi, Gulshan alikwenda kumpa habari. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Sasa hivi nimepita kwako, ameanika koti lako dirishani, wanawake wamesimama chini wakiliangalia.

Mdachi akainamisha kichwa kwenye kofia yake, akashona pasipohitaji kushonwa. Lile koti lilikuwa la marehemu babake. Miaka yote ya ndoa Bimdogo hakulianika hata mara moja.

— Lakini kwa nini Krismasi, nduyangu? Si ungoje mambo yatulie?

— Wewe shona kofia, biashara niachie mimi. Krismasi ni Idi yao. Siku ya Idi mtu moyo wake huwa laini, hata hasimu wake humpa mkono. Bwana Haraka alikuwa mgumu, tukivutana bei mpaka adhana ikatukuta. Nikimwingilia siku ya Idi yake, atapunguza, atake asitake.

Maneno haya yaliwaingia wote. Hata Mdachi, katika dhiki yake, alikiri moyoni kwamba Taher ni mfanyabiashara.

— Lakini mwaenda Jarumani ipi? aliuliza Redio. Maana wameigawa mafungu mane, kama nyama ya akika. Fungu la Mwingereza, fungu la Mfaransa, fungu la Mmarekani, fungu la Mrusi. Na ukikosea ndiya ukaingia la Mrusi, hutoki tena.

— Na lugha nayo wameigawa? aliuliza Muhdhar.

— Lazima! Mfaransa kachukua maneno ya mapenzi, Mwingereza kachukua ya kodi. Mmarekani kachukua ya kuimbia. Yaliyobaki yako kwa Mrusi, na hakuna ajuaye kayaweka wapi.

Mdachi akainua kichwa. Mungu si Athumani, hapa pana upenyo.

— Hapo sasa! alisema. Mimi nilisoma Kidachi kizima. Hiki cha mafungu sikijui, nisimdanganye mtu. Taherbhai, tafuta mwingine.

— Ngoja, alisema Hakimu. Shahidi apimwe kwanza. Hebu tukisikie hicho kizima. Sema neno.

Muhdhar hata vikombe hakugonga. Jasho lilimtoka Mdachi mpaka kwenye nyusi, akalitafuta neno, akaliona.

— Shule, alisema.

— Nini?

— Shule. Ndiyo skuli.

— Hebu tuondokee! Hicho Kiswahili cha Tanga! alisema Redio. Shangazi yangu Mwanakuu akaa Tanga, kutwa ni shule, shule, na Jarumani haijui hata kwa picha.

— Hela, Mdachi akaongeza, karibu kulia. Ndiyo pesa.

— Na hela pia ni ya Tanga!

Na masikini, alikuwa akisema kweli. Maneno yote mawili ni ya Wadachi, waliyaacha Tanga walipoondoka. Miaka yote amewapa uongo wakaupokea, na leo alipowapa kweli hakupata wa kumsadiki hata mmoja.

Kisha Redio akasimama, macho yamemtoka.

— Ngojeni! Nimefahamu! Wadachi walikuja Tanga mabubu. Wakakaa pale, wakasikiliza, wakajifunza kusema, wakarudi kwao wakafundishana. Kidachi ni Kiswahili cha Tanga kilichopanda meli!

— Wallahi yawezekana, alisema Muhdhar.

— Basi kesi imekwisha tena, alisema Hakimu. Mdachi, wewe ni mzaliwa wa Tanga. Wafaa kuliko tulivyodhani. Wale ni wanafunzi wako, nenda kawatazame wamefikia wapi.

Wakacheka, wakampongeza, Redio akampa mkono. Taher alikuwa na furaha hata akamnunulia kila mtu kashata, jambo ambalo Kibokoni hutokea kwa nadra. Mdachi akaitafuna yake kama mtu anayetafuna nyasi.

Sasa mwisho wa baraza alikuwa amekaa mtu mmoja aitwaye Chirau, mtu wa Likoni, kavuka feri kuja kuchukua kofia yake, ndiyo ile Mdachi aliyokuwa akiishona. Hakuna aliyemjua, naye tangu alipofika hakuwa amefungua kinywa ila kunywa kahawa. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, wazee wangu. Mimi ni mgeni, nauliza tu.

— Uliza, alisema Hakimu. Mgeni ana haki.

— Huyo Bwana Haraka, alipokuwa akija hapa kuuza taa, yeye na bwana huyu wa taa walikuwa wakisemezana kwa lugha gani?

Taher akamgeukia mgeni.

— Kiswahili, alisema.

— Alikijua?

— Kunishinda mimi! Mimi nikimwambia "bei iko juu", yeye hunisahihisha, "Taher, sema bei i juu".

— Ahaa, alisema Chirau. Basi huyu mzee wa kofia anakwenda kufanya nini?

Redio, mtu asiyekosa la kusema hata usingizini, akaangalia ndani ya kikombe chake. Hakimu akaona chembe ya kashata kwenye kanzu yake, akashughulika nayo kwa muda mrefu. Taher alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeambiwa kwamba miwani anayoitafuta ameivaa. Muhdhar akalitikisa dele, halikutoa sauti, akaanza kuzima makaa.

Mdachi alipaswa kusema alhamdulillahi. Mtu wa Likoni amemtoa mtegoni kwa maneno mawili, na jina lake limebaki zima. Alingoja furaha ije. Ikaja kweli, ikakaa kidogo, kisha ikampita. Badala yake ikamshika huzuni, huzuni hasa, hata mwenyewe akastaajabu. Katika maisha yake hakuna mahali alipofika ila Tanga na hapa. Na jioni hii yote, wakati akiisukuma safari kwa mikono miwili, alikuwa ameshaizoea. Alikuwa ameshajiona amesimama mbele ya ule mti sebuleni. Na huko nyumbani Bimdogo ameshapiga vigelegele. Atamwambia nini sasa?

Akakata uzi kwa meno, akampa Chirau kofia yake, akamgeukia Taher.

— Taherbhai, alisema. Na ukifa huko, nani atarudi kutwambia?

Taher akashika ndevu zake. Akafikiri. Akamwangalia Redio, akamwangalia Hakimu, hakuna aliyemsaidia.

— Hilo kweli, alisema. Basi twende sote wawili. Lakini kusema, nitasema mimi.