Évariste Lokangu na Mlango wa Mabawa Mawili

Padri, Mama Pélagie, watoto, wakubwa wa kazi, majirani wa Lubunga na ninyi mliovuka mto asubuhi hii, mimi ni Alphonse, mdogo wake Évariste, tumbo moja, nami nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa hadi saa hii ulimi wangu haujakubali kumwita marehemu mtu ambaye Jumatatu asubuhi tulikunywa naye chai.

Évariste Lokangu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1911, kwenye maporomoko ya Wagenia, mtoto wa pili wa mvuvi na wa kwanza kuishi, na baba alitaka arithi mitego yake ya samaki, lakini mtoto alipenda zaidi kuchonga miti ya mitego kuliko kuishusha majini, kwa hiyo mwaka 1923 akapelekwa shule ya mapadri, akasoma miaka minne, kisha mitatu ya useremala, akatoka mwaka 1930 na cheti ambacho mama alikifunga katika kitambaa asiruhusu mtu kukigusa.

Tangu mwaka huo alifanya kazi huku Lubunga, na tarehe 6 Januari 1934 akafunga ndoa na Pélagie, binti kutoka Yangambi, Mungu akawajalia watoto watatu, Claudine, Émile na Célestine.

Mwaka 1938 liliungua ghala la mfanyabiashara mmoja, na Évariste ndiye aliyeitwa kuvunja mlango baada ya moto kuzimika, akakuta watu wawili wamelala wafu nyuma ya mlango huo, mlango wenyewe haukuwa na kufuli wala komeo, ila ulifungukia ndani, na waliokuwa wakikimbia waliusukuma badala ya kuuvuta, hadi nguvu zikawaishia. Tangu siku ile, alipoingia nyumba yoyote, hata ya harusi, alitazama kwanza mlango unafungukia wapi.

Mwaka 1954 kampuni yetu, tuliyoifanyia kazi kaka na mimi, ilijenga ghala jipya la magunia, na kando yake ukumbi wa kuyashonea, katikati ukawekwa mlango mpana wa mabawa mawili, wa mbao zilizovikwa bati, wa kuzuia moto, na kaka ndiye aliyekuwa mkubwa wa maseremala. Injinia alitaka ufungukie upande wa ghala, ili meza za washonaji zisisogezwe, akamwambia, "Évariste, huku kuko meza, mulango ifungukie kule." Kaka akajibu, "Bwana, mutu mwenye kukimbia moto hana muda ya kuvuta, yeye iko anasukuma tu." Jumatano tarehe 11 Agosti alisimamisha fremu ya majaribio uani, akawafunga wapakiaji saba vitambaa machoni, akawaambia wakimbie, wakarundikana kwenye mlango wa kuvuta kama samaki kwenye mtego, kisha akaugeuza, wakapita wote, injinia akaamuru meza zisogezwe.

Vyuma navyo alivichagua mwenyewe, akakataa komeo la juu na la chini, akataka upau wa kusukuma kwa kifua, hata mtu akiwa na mzigo mikononi, na kamba yenye uzito ili mlango ujifunge wenyewe nyuma ya anayekimbia. Bawa la kulia lilikuwa na ukingo wa kulilalia la kushoto, kwa hiyo la kushoto lazima litangulie kufunga, la sivyo unabaki mwanya, na kwa ajili hiyo aliagiza kutoka Ulaya chuma kidogo cha juu, kinachozuia la kulia mpaka mwenzake afike, sisi tukakiita chuma cha zamu.

Ndugu zangu, sehemu inayofuata ni yangu. Mimi ndimi mtunza ghala, na Ijumaa tarehe 8 Machi mwaka huu, kwa sababu mikokoteni iliyorundikwa magunia hadi juu ilikuwa inagonga chuma kile na wapakiaji wananung'unika, nilipanda ngazi, nikakifungua, nikakitia kwenye droo ya meza yangu, nikisema nitakirudisha wiki ijayo, na sikumwambia kaka.

Jumatatu iliyopita, tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, moto uliwaka ghalani, wapakiaji saba wakausukuma mlango wakapita, ukumbini kukiwa na washonaji thelathini na sita na njia moja nyembamba ya kutokea uani. Mlango ulijifunga, lakini bawa la kulia lilitangulia, la kushoto likakwama juu yake, moshi ukaingia kwenye mwanya wa upana wa kiganja. Kaka alikuwa karakana ya ng'ambo ya ua, akaingia watu wakitoka, akaangalia juu ya fremu, kisha akavuta wazi bawa la kulia, ndimi za moto zikimtokea usoni, akalirudisha la kushoto mahali pake, akafunga la kulia juu yake, akaliegemea kwa bega mpaka kitasa kikashika. Watu arobaini na watatu walitoka, yeye tukamtoa wa mwisho.

Jumanne, hospitalini, aliniuliza, "Alphonse, ile chuma iko wapi?" Nikamjibu kwa jina tunalomwitia kaka mkubwa, "Yaya, iko ku droo yangu." Nilingoja anilaani, akasema, "Urudishe. Batu batarudi ku kazi." Jumatano asubuhi nilikifunga kwa skrubu nne, nikakimbia kumwambia, nikamkuta Mama Pélagie anamfunika uso, ilikuwa saa nne na robo, tarehe 5 Juni 1957.

Nilimwambia Mama Pélagie kwamba sistahili kusoma karatasi hii. Akanijibu, "Soma wewe mwenyewe, Alphonse, na usiruke kitu."

Familia inawashukuru madaktari na masista waliokesha naye, majirani waliotupikia, Papa Hemedi na waumini wa msikiti waliotuletea mikeka, wapakiaji na washonaji waliomchimbia kaburi bila kuombwa, wote arobaini na watatu wako hapa, nimewahesabu.

Yaya Évariste, nimesoma yote. Upumzike kwa amani.