Sukari ya Kwenye Chupa za Rosenda

Baba Padre, majirani wa Guimbal, ndugu zangu, mimi ni Teofista, dada mkubwa wa marehemu, na nimeombwa nisome bila kulia, jambo ambalo siliahidi.

Rosenda Palmares Tingson alizaliwa tarehe 9 Februari 1986 hapahapa Guimbal, binti wa mzee Anselmo na mama Perpetua, akasoma hapa hadi sekondari, akahitimu biolojia mjini Iloilo mwaka 2007, akaajiriwa maabara, na tarehe 18 Mei 2012 akafunga ndoa na Dionisio Sumagpao, wakajaliwa binti mmoja, Lirio.

Mwaka 2014 alianza utafiti wa shahada ya udaktari, kuhusu jinsi seli za saratani zinavyokula sukari yote na kuwaacha askari wa kinga mwilini wakifa njaa, nasi tukakoma, maana ukijipakulia wali mara ya pili anakwambia, “We uvimbe, waachie wenzako!”

Dawa aliyoijaribu iliwarudishia askari wale nguvu, na mama kwa furaha akatundika langoni bango lenye picha yake na neno DAKTARI, kama tunavyofanyiana wote, ila yeye alitundika kabla ya mtihani wa mwisho. Wiki hiyohiyo Rosenda akagundua kwamba maji ya kulishia seli kwenye chupa, aliyoyatumia kwa mazoea ya maabara, yana sukari mara tano ya damu ya mtu, akarudia jaribio kwa sukari ya kawaida, na ushindi wote ukayeyuka; kumbe askari walishibishwa na sukari ile, si dawa. Akalishusha bango mchana kweupe, majirani mkamzomea, “Daktari kafukuzwa!” na ninyi mnajijua. Dionisio akamwambia, “Sukari ya kwenye chupa, nani atajua?” Akajibu, “Mgonjwa atajua.”

Alianza upya, na jibu likawa dogo, kwamba dawa inasaidia aina moja ya saratani ya koo, nyingine haiigusi kabisa. Kwa jibu hilo alipata udaktari tarehe 11 Juni 2021.

Agosti 2023 alipatikana na saratani ya koo, aina ile isiyoguswa. Dionisio alimpigia magoti, “Jaribu tu dawa yako, mke wangu,” nami nilifoka mpaka wauguzi wakanitoa nje. Yeye akasema, “Dada, vipimo nilivipima mwenyewe, leo nivibishie kwa sababu mgonjwa ni mimi?” Akatibiwa kwa njia ya kawaida, akafariki tarehe 3 Novemba 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi mkicheza karata, na wenzake wa maabara, ambao walimsimamia mgonjwa wa aina ile inayosaidiwa akapewa dawa ya Rosenda, na uvimbe wake umeanza kunywea. Mgonjwa huyo yupo hapa, kiti cha nyuma, amekuja na mkewe. Tangu asubuhi najaribu kumchukia, nimeshindwa.

Lala, mdogo wangu, upumzike.