Usitutenganishe Tena

Wanajumuiya wenzangu, kabla hatujafunga sala naomba nisimame. Jambo hili limenikaa kooni muda mrefu.

Mnanijua, nina stesheneri hapa Sumbawanga karibu na stendi. Akina mama wanaolima ulezi waliniletea kitabu chao cha kilimo nikipange, kila ushauri na jina la aliyeutoa. Nikajifanya mtaalamu. Nikaiamuru programu ya kompyuta: jina la mwisho litangulie, la kwanza libaki herufi moja. Nikachapa bila kusoma tena. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Siku ya kugawa vitabu, Mama Oswadi, mjane anayejua matuta ya kufukia majani kutushinda sote, alitafuta jina lake. Alijiandikisha mwenyewe hivyo, Mama Oswadi. Akakuta: "Oswadi, M."

Mnaelewa, ndugu zangu? Programu haijui kwamba kwetu mama huitwa kwa mtoto. Ilimtanguliza mtoto, mama akabaki herufi. Na Oswadi tulishamzika, tena jeneza nililibeba hata mimi.

Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, marehemu ndiye aliyewafundisha haya?"

Nikajibu, Mungu anisamehe, "Ni kompyuta, mama."

Akafunga kitabu, akaondoka.

Jamani, niliteseka. Nikimwona sokoni nabadilisha njia, shikamoo imenishinda. Hapa nikaacha kuja, nikawaambia naumwa mgongo. Mgongo ulikuwa mzima kabisa.

Binti ninayefanya naye kazi ndiye aliyenionyesha: ukilizungushia jina mabano, programu inalichukua zima, hailikati. "Mabano tu, kaka!" Nikaona aibu upya. Lakini niandike jina gani, hilo lenye marehemu au jingine? Ilibidi nikamuulize mwenyewe.

Nikapiga hodi. "Shikamoo, mama. Haikuwa kompyuta, ni mimi. Nikuandike jina lako la ubatizo?"

"Marahaba. La ubatizo nimeshasahau kuliitikia. Tangu mwanangu afe, watu wanaogopa kumtaja, wananiita bibi tu. Andika Mama Oswadi. Usitutenganishe tena."

Nililia pale pale mlangoni, siwafichi.

Vitabu nimevichapa upya. Namshukuru binti yule kwa mabano yake, na wewe mama uliyekaa pale nyuma, kwa kunifungulia mlango. Ndugu zangu, jina la mtu usilipange kabla hujamuuliza mwenyewe.

Na tukitoka hapa, tafadhali, msimwite bibi. Msalimieni kwa jina lake.