Mzee Labda na Kadi Moja ya Wino

Marehemu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mzee Labda naye akalipokea jina hilo kwa kicheko, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa kitinda mimba wa fundi chuma na mshonaji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Huko, katika maktaba ya rafu mbili, alikuta picha ya kibao cha udongo chenye alama kama nyayo za ndege, akamuuliza mwalimu zinasema nini. "Zako kwanza uzijue," mwalimu akamjibu. Akazijua zake, kisha akaenda ng'ambo kuzisoma zile. Mwaka 1979 alihitimu shahada ya uzamivu katika Kihiti, lugha iliyozungumzwa Anatolia zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, ambayo leo hakuna anayeota ndoto kwayo.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto watatu. Mkewe aliwakaribisha wageni akisema, "Karibuni, mimi ni mke mdogo. Bi mkubwa ni wa udongo, yuko pale mezani." Marehemu aliitikia bila kuinua kichwa: "Labda."

Kwa miaka thelathini na miwili alifundisha chuo kikuu, katika chumba namba 17 chini ya ngazi, huku akitunga kamusi. Kila neno lilikuwa na kadi yake, na maana aliiandika kwa penseli mpaka ithibitike. "Penseli ina adabu," alikuwa akisema. Neno moja lilimsumbua kuliko yote. Lilionekana mara moja tu, katika maelezo ya mazishi: "Maiti apewe…" kisha neno hilo, kisha kibao kimevunjika. Mwaka 1988, akilinganisha picha, aliona kipande kilichohifadhiwa nchi nyingine, ambacho ukingo wake ulielekea kuoana na ule wa kwanza. Kiliendelea: "…asione baridi." Basi ni blanketi! Vipande vyenyewe hakuwahi kuvishika. Hata hivyo, siku hiyo alichukua kalamu ya wino.

Idara ilifungwa mwaka 2011. Alirudi nyumbani na kadi zake katika masanduku arobaini na matatu ya viatu.

Mwaka 2019 figo zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mei 2023 ilifika barua kutoka jumba la makumbusho. Vipande viwili vilikuwa vimekutanishwa kwa mara ya kwanza. Udongo ni tofauti, wala kingo hazioani. Bintiye wa pili, aliyekuwa akimsomea barua, aliificha mkobani siku kumi na moja. Hadi leo hajui kama alimhurumia baba yake au alijihurumia mwenyewe.

"Ile barua ya makumbusho ilisemaje?" marehemu, aliyekuwa ameiona bahasha ilipoletwa, akauliza siku ya kumi na mbili.

"Barua gani, Baba?"

"Hiyo inayokufanya usinitazame."

Akasomewa. Mashine ya kusafisha damu ilipomaliza kazi yake, akaomba aletewe kadi ya neno lile. Wino haufutiki; aliupiga mstari, akaandika chini yake kwa penseli: *Haijulikani*.

"Miaka thelathini na mitano nimewafunika wale watu," akasema. "Kumbe nguo ilikuwa yangu."

Binti akauliza: "Baba, nikuongezee blanketi?"

"Niongezee, mwanangu. Wenzetu wale tu ndio sijui walipewa nini."

Kadi nyingine hakuiomba tena. Alifariki tarehe 2 Julai 2023, saa nne asubuhi.

Ingependeza wasifu huu useme kwamba kazi yake itaendelezwa. Chuo kimejibu kwamba hakina nafasi ya masanduku, na hakuna mwanafunzi wake hata mmoja anayesoma Kihiti sasa. Tumaini la namna hiyo yeye mwenyewe angeliandika kwa penseli.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na neno lisilo na maana. Kile kipande cha pili nacho kimebaki bila mwenyewe, na familia ya marehemu inamsomea yeye maneno yake: apumzike, asione baridi.