Nyongeza Inabonyezwa Wapi

Tukiwa tunaning'inia kwenye gari la waya juu ya mapaa ya La Paz, kijana Wilmer alimwonyesha jirani yake, Doña Eulogia muuza mikate, tovuti anayokitengenezea upya kiwanda cha oveni. "Hoteli zinaingilia hapa, maduka hapa, waokaji kama wewe, mama, hapa." "Pazuri, mwanangu. Na nyongeza naombea wapi?" "Bei yenu tumeshaipunguza." "Punguzo ni la kila mtu. Nikichukua oveni nataka na trei, ya kwangu mimi." "Mama, tovuti haibembelezwi." "Basi haijui kuuza." Tukacheka gari zima hadi likayumba, nami ndiye mwoga wa kuwa juu.

Tulipokaribia kituo, Wilmer, huku bado anabisha, akanunua mikate miwili kutoka kikapu cha mama. Doña Eulogia akaongeza wa tatu. Milango ikafunguka. "Huo," mama akamuuliza Wilmer akishuka, "umebonyeza wapi?"